Kabla ya Kununua Laptopu Nyingine, Isikilize Hiyo Uliyonayo

Pita Luthuli Avenue mjini Nairobi au kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, utakutana na majina yaleyale: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine za ofisi. Nyingi zimetumika ng'ambo miaka mitatu minne, mkataba ukaisha, zikauzwa kwa mafungu na kuvuka bahari. Wakenya huziita ex-UK, hata zile ambazo hazijawahi kuiona Uingereza. Ni mashine ngumu, na ugumu huo ndio unaosumbua wakati wa kuamua, kwa sababu hazifi. Zinakuwa nzito tu, mwaka hadi mwaka, mpaka mwenyewe anachoka.

Akichoka huenda kwa wa kwanza aliye karibu. Muuza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, atamwambia aongeze RAM. Muuza laptopu atamwambia atoe hiyo na hela kidogo juu, achukue nyingine. Wote wamejibu bila kuuliza. Umri wa mashine peke yake hauamui chochote. Kinachoamua ni mambo mawili: kifaa gani ndani yake kimezidiwa, na je, mashine hiyo ina miaka mingine mbele yake? La kwanza unalipima mwenyewe ndani ya robo saa, bure.

Kupima

Washa mashine uiache dakika tano itulie. Kisha fungua kila kitu unachofungua siku ya kazi ya kawaida: kivinjari na tabo zako zote, Excel, WhatsApp, programu ya mikutano. Usiihurumie. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka; ingia sehemu ya Performance. Fanya kazi kama kawaida huku ukichungulia mistari mitatu: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski).

Ukiona Disk imeganda kwenye 100% huku kasi ya kusoma ikiwa MB 1 au 2 tu kwa sekunde, umeshapata jibu la mashine nyingi za zamani: bado ina diski ya kuzunguka. Watu hushangaa inawezekanaje ijae kazi na isisome kitu. Diski hiyo ina kichwa kinachohama huku na huku juu ya sahani, na kwa vipande vidogo vilivyotawanyika haiwezi kufikia zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. SSD, diski ya chipu isiyozunguka, hata ya bei ya chini hufikia makumi ya maelfu. Ukinakili filamu moja kubwa tofauti haitakushtua sana, MB 100 kwa sekunde dhidi ya 500 na kitu. Lakini Windows inapowaka haisomi filamu, inasoma maelfu ya vifaili vidogo, na hapo ndipo unapokwenda kupika chai na kurudi.

Memory ikikaa juu ya 85% bila kushuka, RAM haitoshi. Hapa kuna mtego. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski, kwa hiyo Disk nayo itapanda hadi 100% na utadhani tatizo ni diski. Funga kivinjari kizima, subiri dakika moja. Disk ikitulia pamoja na Memory, mkosaji ni RAM. Disk ikiendelea kuhema wakati Memory iko 50%, mkosaji ni diski. Mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka ina matatizo yote mawili, na kama hela inatosha kimoja tu, anza na SSD.

Ukiwa hapohapo kwenye Memory, soma maandishi madogo chini ya grafu. "Slots used: 1 of 2" maana yake kuna nafasi tupu. "Form factor" ikisema SODIMM, RAM inachomoka. Ikisema "Row of chips", imeunganishwa kwa risasi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, na fundi anayekuahidi kuiongeza muulize vizuri anakusudia kufanya nini. ThinkPad X1 Carbon zote ziko hivyo. T440s iko nusunusu: GB 4 zimeunganishwa, na pembeni kuna nafasi moja ya kuchomeka.

CPU ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote. Ikigonga 100%, usikimbilie kusema prosesa imezeeka. Angalia kwanza mwendo wake, ile namba ya GHz. Prosesa ya 2.4 GHz inayofanya kazi kwa 0.8 GHz haijazeeka, imefungwa breki, na wafungaji ni wawili.

Wa kwanza ni chaja. Chaja za Dell zina kipini chembamba katikati ya plagi, na kupitia hicho mashine huulizia chaja ni ya wati ngapi. Kipini kikipinda, waya wake ukikatika, au chaja ikiwa kopi isiyojibu, mashine huwaka na ujumbe kwamba haiitambui chaja, betri haichaji, na prosesa inashushwa mwendo ili isivute umeme mwingi. Mwenye mashine huubonyezea ujumbe Enter kila asubuhi miezi sita, kisha anaiuza kwa sababu "imechoka". Jaribu hivi: chomoa chaja, tumia betri, angalia GHz tena. Ikiruka juu, unahitaji chaja tu.

Wa pili ni joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguza mwendo zenyewe. Sakinisha HWiNFO, programu inayosoma joto, uangalie. Nyuzi 95 kwa kufungua tabo kumi si kawaida, kuna vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba, au pasta ya joto imekauka. Kusafisha ni kazi ya saa moja. Zima mashine, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Legeza skrubu za kipoozi kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake, ukianza na ya mwisho, na wakati wa kurudisha uanze na ya 1. Futa pasta ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya 99%, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, basi. Ukipuliza vumbi, shikilia feni isizunguke, maana inaweza kuharibika bea. Mombasa, Tanga, Zanzibar na pwani nzima kuna adui wa ziada: chumvi na unyevu huacha ukungu wa kijani kwenye shaba na kwenye miguu ya soketi, na huko tungesafisha kila mwaka bila kusubiri dalili.

Kuna na ugonjwa mdogo wa bei ndogo zaidi kuliko yote. Saa ya mashine inarudi nyuma kila ikizimwa, na kivinjari kinakataa tovuti kikidai cheti si halali. Hiyo ni betri ya CMOS, kidude cha duara ambacho mara nyingi ni CR2032 au ndugu yake mwenye waya. Watu wameshabadili Windows nzima kwa ajili yake.

Mstari wa kizazi cha 8

Mashine ikishajulikana inaumwa wapi, swali la pili ni kama inafaa kutibiwa. Na kwa laptopu za Intel, mstari uko wazi kuliko ulivyowahi kuwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), RAM GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea, ukiacha chache mno za cha 7. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa AMD usikisie kwa namba. Ryzen 5 2500U inaonekana kama mojawapo ya zilizokubaliwa lakini haimo kwenye orodha.

Mstari huo ungekuwa wa makaratasi tu kama usingeangukia mahali ambapo vifaa vyenyewe vilibadilika. Mpaka kizazi cha 7, i5 na i7 za laptopu nyembamba, zile zinazoishia na herufi U, zilikuwa na kokwa 2, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Kizazi cha 8 zikawa na 4. Maana yake i7-6600U, ambayo muuzaji anaipandishia bei kwa sababu ya hiyo 7, ina kokwa 2, na i5-8250U ina 4. Kwa mtu mwenye tabo nyingi, mkutano wa video na Excel kwa wakati mmoja, hiyo i5 ndiyo mashine.

Na usinunue wala kuhukumu kwa jina la modeli. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 kwa kawaida cha 8, lakini G5 zenye prosesa ya kizazi cha 7 zipo. ThinkPad T480 na Latitude 7490 nazo ziko hivyohivyo. Fungua Settings, System, About, usome jina la prosesa.

Mwenye mashine ya chini ya mstari ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua muda: masasisho ya usalama ya ziada ya Windows 10 kwa watu binafsi yanakwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kuoanisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Ya pili ni kulazimisha Windows 11 kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia. Inafanya kazi, tumeziona nyingi zikienda vizuri, lakini Microsoft haiahidi kuzipa masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka utalisakinisha kwa mkono. Kwa mashine ya mtoto wa shule, sawa. Kwa mashine inayofungua akaunti ya benki ya kampuni, hapana. Ya tatu ni Linux, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows. Linux Mint yenye Xfce, toleo lake jepesi, kwenye kizazi cha 4, SSD na GB 8 ni mashine nzuri kwa anayeandika, anayesoma na anayeishi ndani ya kivinjari. Mhasibu wa Tally, mchoraji wa AutoCAD, au mtu wa faili za Excel zenye makro, asipoteze wikiendi yake.

Hela inayohama na hela inayobaki

Kanuni tunayoifuata ni moja: kwenye mashine ya chini ya mstari, nunua tu kitu kitakachohamia mashine inayofuata.

SSD inahama. Ya SATA ya inchi 2.5 itaingia kwenye mashine nyingine yenye nafasi hiyo, na ikikosa itawekwa kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala. RAM ya DDR3L, aina ya zamani, haihami kokote. Laptopu za kizazi cha 4 na cha 5 nyingi zinatumia hiyo, ya volti 1.35, na DDR3 ya zamani ya volti 1.5 inachomeka vizuri kabisa lakini mashine huenda isiwake. DDR4, aina iliyofuata, ina pini 260 badala ya 204, haiingii hata kwa hasira. Kizazi cha 6 ndicho cha mpakani: EliteBook 840 G3 ina DDR4, lakini ThinkPad T460 ya kizazi hichohicho inatumia DDR3L. Fungua uione au soma stika ya kipande kilichomo kabla ya kutoa hela. DDR3L ya mtumba ya bei ya kutupa, chukua. Mpya, hapana.

Kwa mashine ya kizazi cha 8, RAM ni hela nzuri. Kutoka 4 kwenda 8 utaona siku hiyohiyo. Kutoka 8 kwenda 16 utaona kama Memory ilikuwa inajaa. Kutoka 16 kwenda 32, isipokuwa unahariri video au kuendesha mashine pepe, hutaona kitu. Vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu sehemu ya prosesa inayochora picha kwenye skrini inakopa RAM hiyohiyo na vipande viwili hufungua njia mbili. Ila tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hesabu ya mwaka juzi usiitumie, na mara nyingine laptopu iliyotumika yenye GB 16 ndani yake itatoka nafuu kuliko kununua GB 16 peke yake na kulipa fundi.

Kuhusu kiwango cha kuacha: jumlisha kila kinachohitajika, pamoja na hela ya fundi. Ikizidi nusu ya bei ya laptopu nzuri ya kizazi cha 8 iliyotumika, simama. Kosa la kawaida ni kujumlisha kimojakimoja. SSD mwezi huu, betri mwezi ujao, kibodi baada ya Krismasi, kila moja ni hela ndogo, na mwisho wake umenunua laptopu ya kizazi cha 5 kwa bei ya kizazi cha 8.

Betri ina kipimo chake. Fungua cmd, dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni mWh 50,000 na ya pili 21,000, imebaki 42%. Kwa anayechomeka muda wote hiyo si sababu ya kununua chochote. Kwa anayekatiwa umeme mara kwa mara, ni sababu. Ila betri iliyovimba haina mjadala: kipadi cha kipanya kikianza kunyanyuka au mfuniko ukikataa kufunga, zima, usichaji tena, itolewe leo.

Mazabodi iliyoingia maji tunaihesabu kama mashine iliyokwisha. Hata ikiwashwa na fundi hodari, kutu huendelea chini ya chipu, na inafia katikati ya kazi.

Kuweka SSD bila kilio

Jua kwanza nafasi iliyopo. Ya inchi 2.5 ni rahisi, chukua ya unene wa milimita 7. Ya M.2, ile ya kipande chembamba, ina aina mbili zinazofanana kwa sura: yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA, yenye mmoja mara nyingi ni NVMe, ya kasi zaidi, na nafasi ya SATA pekee haitaiona NVMe. Pima na urefu, 2280 ni milimita 80 na 2242 ni 42. Ukubwa, GB 256 ndiyo chini kabisa, 512 ndiyo ya kulala usingizi. Iache na nafasi tupu kama 15%, maana ikijaa hupungua kasi.

Kabla ya kufungua chochote angalia BitLocker, mfumo wa Windows wa kuifunga diski kwa ufunguo wa siri. Mashine nyingi zimejifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na siku ya kubadili diski zinadai ufunguo wa tarakimu 48. Uchukue kwenye akaunti yako ya Microsoft, au izime BitLocker na usubiri imalize kufungua faili.

Unaweza kunakili diski nzima kwa Clonezilla, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Sisi tunapendelea kusakinisha upya kwa flashi ya GB 8, kwa sababu uzito wa miaka minne hauna haja ya kuhamishwa. Leseni usiihofie: ya kidijitali imefungwa kwenye mazabodi, kwa hiyo ruka pale panapodaiwa namba, na ukiunganisha intaneti itajitambua. Kwenye Dell ingia kwanza BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Nyingi huja mpangilio wa diski ukiwa RAID On na kisakinishi hakitaiona diski. Weka AHCI kabla ya kusakinisha. Ukiibadili baada ya kusakinisha, Windows itagoma kuwaka.

SSD mpya ikishaingia, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, ulinganishe jina na ukubwa na kilichoandikwa kwenye kasha. Ya "TB 2" kwa bei ya GB 128 ni feki: inajitangaza kubwa, ikijaa kidogo inafuta ulichoweka mwanzo. H2testw huiumbua kwa kuijaza yote na kuisoma tena. Hiyo CrystalDiskInfo iendeshe pia kwenye diski ya kuzunguka uliyoitoa. Mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu, ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, diski hiyo usiifanye ya kuhifadhia picha za harusi.

Ukiamua kubadili

Ukienda dukani, vipimo ni vilevile: jina la prosesa, Slots used, ripoti ya betri, CrystalDiskInfo. Ongeza viwili ambavyo wanunuzi wengi husahau.

Ingia BIOS. Ikidai nenosiri, ondoka, hata muuzaji akisema ni kutoa tu betri ya CMOS. Kwenye EliteBook ujanja huo haufanyi kazi. Pili, omba Windows isakinishwe upya mbele yako, ukiiunganisha na intaneti ya simu yako wakati wa kuanzisha. Mashine iliyotoka kwenye kampuni bila kuondolewa kwenye usajili wake wa Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kampuni kusimamia mashine zake, itaonyesha jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya kazini. Usajili umefuata vifaa vyenyewe, kufuta diski hakuuondoi, na siku utakayosakinisha upya nyumbani ndiyo siku utakayokutana nao. Inachukua nusu saa. Muuzaji asiyekupa nusu saa amekwisha kujibu.

Ya zamani ukiiuza au ukimpa mtu, kufuta faili hakutoshi. Kwa SSD tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza, yenye amri ya kufuta kabisa. Kwa diski ya kuzunguka, ichomeke kwa kasha la USB 3 kwenye mashine mpya, fungua diskpart, andika list disk, soma ukubwa mara mbili ili usije ukaichagua diski yako mpya, kisha select disk na namba yake, halafu clean all. Amri hiyo inaandika sifuri kila mahali. GB 500 kwa MB 100 kwa sekunde ni kama saa moja na nusu, na skrini haitaonyesha chochote mpaka imalize. Usiichomoe ukidhani imekwama.